Fyuzi Iliyotoka Kwenye Kilio

Skana ilikataa kuwaka, na hilo peke yake halikuwa jambo la kushangaza. Magari ya Masisi hula vumbi kiangazi na kunywa matope masika nzima. Umeme wake hauna adabu hata kidogo. Kilichomshangaza fundi Théophile ni kwamba alipopeleka vidole chini ya usukani kulipapasa tundu la kupimia gari, alilikuta lina uvuguvugu na utelezi, kama mdomo wa ndama anayenyonya. Akautoa mkono haraka, akaunusa. Ulinuka umuravumba, yale majani machungu ambayo akina mama wa milima hii humchemshia mtu mwenye kikohozi.

"Papa Magloire," akaita bila kuinuka. "Ulibeba mugonjwa humu ndani?"

"Mugonjwa gani tena? Miye nabeba fromage tu. Angalia nyuma, uone mwenyewe."

Nyuma kweli kulikuwa na jibini, magurudumu ya jibini yamepangwa mpaka kwenye kioo. Magloire aliyanunua kwa wafugaji huko juu na kuyateremsha Goma. Alikuwa mtu wa tumbo na haraka, na haraka ndiyo iliyomleta Karuba asubuhi hiyo. Taa ya njano ya injini ilikuwa imewaka kwenye dashibodi, na gari likawa linaishiwa nguvu kila penye mlima. Bila tundu lile kupata umeme, skana isingeweza kusema gari linaumwa nini.

"Basi hii harufu iko ya nini?" Théophile akauliza.

"Ya fromage. Tengeneza, kaka. Ukungu itashuka nikiwa bado huku."

Pua ilimwambia Théophile jambo moja, mdomo wa Magloire ukamwambia jingine, naye akaamua kuuamini mdomo. Ndivyo tulivyo. Pua haijawahi kumdanganya mtu, lakini kwa kuwa haina maneno tunaidharau.

Karakana yake ilikuwa mabati machache juu ya milingoti ya mikaratusi, kando ya barabara. Nyuma yake ndipo palipokuwa na nyumba, na ndani ya nyumba alikuwamo Dorothée, mke wake, mwimbishaji wa kwaya ya parokia. Théophile aliipenda sauti kabla ya kuiona sura. Siku hiyo ya zamani alikuwa amelala chini ya lori la watu, akasikia mwanamke anaimba ng'ambo ya bonde huku akipalilia maharagwe, akatoka chini ya lori na grisi zake usoni, akavuka bonde kwa miguu kwenda kuona ni nani. Lori lilisubiri, na mwenye lori akatukana mpaka akachoka. Hawakujaliwa watoto, na jioni nyumba yao ingekuwa kimya kama si ile sauti. Mwanamume huyu alikuwa tayari kukosa vitu vingi duniani, ila si hiyo.

Fundi mwenye akili haanzi kwa kuchana nyaya. Huanza na fyuzi. Tundu la kupimia lina vishimo kumi na sita, na kile cha mwisho hupata umeme wa betri wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwa mwenye gari. Kishimo hicho kikifa, skana haina cha kuwashia hata kioo chake. Na kwa magari mengi fyuzi yake ndiyo ile ile ya kiberiti cha dashibodi, pale watu wanapochajia simu.

"Simu inaingiza moto?"

"Hapana. Ilikatala siku moja na ile taa ya njano."

Basi fyuzi. Théophile akafungua kifuniko kilichokuwa kando ya goti lake, akafuata mchoro kwa kidole, akachomoa fyuzi ya bluu na kuinyanyua kwenye mwanga. Kiwaya cha ndani kilikuwa kizima. Akairudisha mahali pake, akaigusa masikio yote mawili kwa taa ya kupimia. Ikawaka kulia, ikawaka kushoto. Umeme unaingia, umeme unatoka. Akahamia kwenye tundu, kishimo cha mwisho, na taa ikabaki giza. Akainama kusikiliza, asijue kwa nini anasikiliza, maana umeme hauna sauti. Humo ndani kitu kilivuta pumzi.

Akajiambia ni upepo. Akajiambia pia kwamba ziko fyuzi zinazoonekana nzima kumbe zimechoka, taa ndogo ikadanganyika nazo. Dawa ya fyuzi ya namna hiyo kila fundi anaijua: iweke kwenye gari zima uone kama itafanya kazi. Pikapu yake ilikuwa imeegeshwa hapo hapo. Akachomoa fyuzi ya redio ya pikapu, akaingiza hii ya Magloire mahali pake.

Hapa lazima niseme jambo ambalo mtu wa kwingine asingelijua. Katika milima hii kitu hakitolewi kwenye nyumba yenye kilio mpaka kilio kiishe. Si kisu, si sufuria, wala kaa la moto la kuazima. Ukikitoa, unatoka na aliyekufa mwenyewe. Théophile alikunywa jambo hilo na maziwa ya mama yake. Angalijua kwamba mtu alikata roho ndani ya gari lile, asingalitoa humo hata skrubu. Lakini aliuliza, akadanganywa.

Redio ya pikapu ikawaka yenyewe. Haikushika stesheni yoyote. Ilikuwa na mkwaruzo tu, na ndani ya mkwaruzo pumzi inayopanda kwa shida na kushuka kwa shida. Théophile akaizima, akarudi kwa Magloire na ile fyuzi ya pikapu aliyojua ni nzima, akaichomeka. Tundu bado lilikuwa limekufa. Akaichomoa tena, akaishika kiganjani.

Ndipo skana ikawaka.

Fyuzi ilikuwa mkononi mwake. Mahali pake kwenye sanduku palikuwa pengo tupu, meno mawili ya shaba yasiyoshikana na kitu, na hata hivyo kioo cha skana kilikuwa kinang'aa juu ya kiti kana kwamba kimeunganishwa na betri mpya, na kwenye kiberiti cha dashibodi, ambacho hakikuwa kimeguswa na mtu, pakaanza kupanda moshi mwembamba wenye harufu ya majani machungu na blanketi lililolowa. Ukungu nao, ambao kwa kawaida hushuka kilimani baada ya saa nane, ulikuwa umeshafika kwenye mabati ya karakana na jua bado halijakaa utosini.

"Papa Magloire," akanong'ona. "Kuya uone."

Magloire hakuja. Alikuwa amesimama katikati ya barabara, uso umempauka, akiangalia pikapu. Ndani ya pikapu, ambamo hapakuwa na mtu, mzee alikuwa anakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mtu aliyekohoa miaka, cha kifua kilichojaa. Dorothée alikisikia kutoka jikoni. Na sasa sikilizeni jinsi wema unavyoweza kumponza mtu: kwetu mzee hakohoi mlangoni pa mtu akaachwa bila neno na bila maji. Dorothée akachota kikombe, akatoka nacho kwenye ukungu asione vizuri, akaenda moja kwa moja mpaka dirisha la pikapu.

"Dorothée, hapana!" Théophile akapiga kelele. "Usimuitike!"

Lakini maneno yalikuwa yameshatoka. "Pole, Papa," Dorothée alisema kwa sauti yake nzuri. "Kunywa mayi."

Kikohozi kikakatika. Kikombe kikaanguka. Dorothée akageuka kumtazama mumewe, akafungua mdomo kumwambia kitu, na kilichotoka ni kile kile kikohozi, kizito, cha kiume, na nyuma yake sauti ya mzee aliyekasirika: "Nipeleke kwangu."

Baada ya hapo hakusema tena. Théophile alimbeba ndani, akamlaza, akamsihi aite hata jina lake. Midomo ilitembea. Machozi yalitiririka. Sauti haikuwapo. Théophile alilia bila haya, mbele ya Magloire, kama mtoto aliyechapwa.

Mama Anastasie alifika kabla ya jioni. Alikuwa mjane wa katekista, mwenye rozari shingoni na mambo ya kale kichwani, na watu walimwita pale padri anapokuwa mbali na hata pale anapokuwa karibu. Aliweka sikio kwenye kifua cha Dorothée. Akanusa mikono ya Théophile, mmoja baada ya mwingine.

"Ulitoa kitu mu gari ya nani?" akauliza.

"Fusible tu, Mama. Ya Papa Magloire."

"Fusible ao mulango, kwa mwenye kufungiwa iko moja." Akamgeukia Magloire, ambaye tangu mchana alikuwa anajaribu kuwasha gari lake na lilikuwa linamnyima. "Weye. Nani alikufa mu gari yako?"

"Mama, miye..."

"Sauti ya huyu mwanamuke njo iko inaliwa. Ikiisha sauti, atakula pumzi. Sema!"

Magloire akaketi chini kwenye matope na suruali yake nzuri. Akasema. Ni mzee aliyempakia Lushebere, kwenye kambi ya wakimbizi, mzee mwenye kikohozi aliyechoka kuishi chini ya hema na aliyetaka kitu kimoja tu: apelekwe kwake, kilimani ng'ambo ya Rubaya, akafie kwenye uwanja wa baba zake. Alilipa nauli mbele. Njiani akazimika, mkono wake umeng'ang'ania pale kwenye kiberiti cha dashibodi.

"Bangeniuliza ku barrière ya polisi," Magloire akasema. "Bangesema njo miye nilimuua. Na fromage ilikuwa naharibika."

"Ukamuacha fasi gani?"

"Ku kona, chini ya mikaratusi. Nilimufunika na blanketi yake. Watu wa barabara bakamuzika."

"Na ku mito? Ulimuita?"

Magloire akatikisa kichwa. Aliyekufa safarini huitwa kwa jina kila penye maji, aambiwe tunavuka, njoo, ama sivyo hubaki ukingoni na hajui watu wamekwenda wapi. Hata maskini wa mwisho huitwa. Kwa kuokoa jibini, Magloire alimnyima mzee yule maneno mawili, na jibini lenyewe si kwamba lilikuwa tamu kiasi hicho.

"Jina yake?"

"Nzabandora."

Kutoka kitandani Dorothée akakohoa, mara moja tu, kama mtu anayeitika.

Kulipopambazuka wakaondoka na pikapu. Théophile alishika usukani, Dorothée kando yake amefungwa blanketi, Mama Anastasie dirishani, na Magloire nyuma kwenye bodi, ambako Théophile alimpandisha kwa kumshika ukosi. Kila penye kijito walisimama. Magloire aliteremka, akatazama kule walikotoka, akaita: "Papa Nzabandora, tunavuka mayi. Kuya." Na kila mara kikohozi kilijibu kutoka kifuani mwa Dorothée. Kila mara pia pumzi yake ilizidi kuwa fupi. Mama Anastasie alisema ni kawaida, mzee ana haraka ya kufika. Walipita Rubaya, katikati ya wachimbaji na wabeba mizigo wenye magunia mgongoni, na watu wale waliozoea kila kitu waliisogelea pikapu kuomba nafasi, wakasikia kile kikohozi, wakarudi nyuma na kufanya ishara ya msalaba.

Mbele ya kilima cha mzee palikuwa na kijito cha mwisho. Waliacha gari, wakavuka kwa miguu, Théophile amembeba mkewe mgongoni, wakapanda. Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na nguzo zilizoungua, mmea wa maharagwe uliojiotea na kuzipanda, na majani marefu mahali penye uwanja. Vita vilikuwa vimepita hapo. Majirani wote walikuwa wamekwenda, na hapakuwa na mbuzi wala moshi wala mtu hata mmoja wa kusema karibu.

Mzee Nzabandora akaona. Sijui mzimu huona vipi, lakini aliona, kwa sababu mwili wa Dorothée ulikakamaa mgongoni mwa mumewe ukawa mzito kama wa watu wawili, na kutoka kinywani mwake ukatoka mlio ambao haukuwa kikohozi tena bali hasira ya mtu aliyelipa, akatupwa, akangoja kwenye baridi akitumaini kitu kimoja, na sasa akaonyeshwa kwamba hata hicho kimoja hakipo, na majani yote ya uwanja ule yakalala chini upande mmoja ingawa upepo haukuwapo, na ile harufu ya umuravumba ikajaa kilimani mpaka macho yakawawasha, na Théophile alipomlaza mkewe chini aliona vidole visivyoonekana vimebonyea kwenye koo lake, alama tano, zikizidi kuzama.

"Mama! Iko namuua!"

"Hawezi kukaa hapa," Mama Anastasie akasema upesi upesi, kwa mnong'ono. "Mutu wa kufa anatafuta nyumba yenye moto. Magloire! Shuka ku mayi, umuite aende kwako. Ni weye ulimubeba. Mwenye kumuita njo mwenye kumupokea."

"Kwangu?" Magloire akarudi nyuma. "Kwangu iko batoto, Mama."

"Magloire, nakuomba," Théophile akasema. Alipiga magoti mbele ya mtu ambaye jana yake angempiga. "Bibi yangu anakufa."

Magloire alimtazama Dorothée. Nataka kusema alihuzunika, pengine alihuzunika. Halafu akageuka, akateremka kilima upande ule mwingine, kwanza kwa hatua, kisha mbio, tumbo likimtangulia, na ukungu ukamficha.

Midomo ya Dorothée ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Mama Anastasie akamshika Théophile mkono. "Mutoto wangu, sikia muzuri. Ukimuita, hatatoka tena. Miye sina maombi ya kumufukuza mutu aliyealikwa."

"Nimesikia."

"Ni mukali, huyu."

"Nimesikia, Mama."

Akashuka mpaka kijitoni mbio, akaingia maji mpaka magotini. Sauti yake ilikuwa mbovu, hajawahi kuimba hata wimbo wa Noeli bila watu kucheka, lakini aliipaza ikafika kilimani na kurudi. "Papa Nzabandora! Kuya kwetu, ku Karuba! Moto iko!"

Maji yakasimama. Naapa hivyo ndivyo alivyosimulia: kijito kilisimama, mapovu yakabaki yalipo, na kitu kizito chenye baridi kikapita kando ya bega lake, kikakanyaga mawe ya kuvukia moja moja kwa kutopenda. Maji yakatembea tena. Na kutoka juu ya kilima akasikia jina lake.

"Théo!"

Ilikuwa sauti ile ile iliyomtoa chini ya lori. Akapanda akianguka na kuinuka, akamkumbatia mkewe kwenye majani, wakalia wote wawili, na Mama Anastasie akageukia kando akahesabu rozari yake haraka haraka.

Wakashika njia ya kurudi. Kwenye kila kijito pikapu ilipungua mwendo yenyewe, ikavuka, ikaendelea. Walipofika Karuba gari la Magloire halikuwapo. Alikuwa amepanda pikipiki akawatangulia, na gari likamkubalia kuwaka. Jirani alisema hata taa ya njano ilikuwa imezimika. Skana aliitupa kwenye matope. Hakuacha hata pole.

Mama Anastasie aliwaaga barabarani, hakuingia ndani. Dorothée akawasha moto, akachemsha maharagwe, wakala. Hakuna kilichokohoa. Harufu haikuwapo. Mlango ulifungwa vizuri, na Théophile akaanza kufikiri kwamba pengine mzee alibaki kwenye maji, pengine Mungu alihesabu nia yake akamsamehe deni lenyewe.

"Niimbie," akamwambia mkewe. "Wimbo yoyote. Nisikie tu."

Dorothée akatabasamu, akaanza. Ulikuwa wimbo wa mavuno, na sauti ilikuwa kamili, laini, haijapungukiwa na kitu. Théophile akaegemeza kichwa ukutani na kufumba macho. Hakuwahi kuwa na furaha kama ile. Akasikia mkewe anachota maji mtungini, akafumbua macho, akamwona amenyanyua kikombe, anakunywa, koo lake linapanda na kushuka.

Wimbo ulikuwa unaendelea. Ulitoka kwenye kigoda kilichokuwa kitupu karibu na jiko, kwa sauti ya Dorothée, neno kwa neno, bila kukosea.

Dorothée akashusha kikombe polepole. Hakulia. Alimtazama mumewe kwa macho makubwa, akafungua mdomo, na hapakutoka kitu. Sauti ilikuwa kwa mzee, naye alikuwa hajamaliza ubeti. Wakangoja wote wawili, hawajui wangoje mpaka lini, huku moto ukianza kufifia na ile sauti nzuri ikianza kukasirika. Théophile akainuka, akaongeza kuni.